Mbwa aliyefifia manyoya huku akilishwa kwa bidii: uchambuzi wa kisa

Usuli

Mbwa anayezungumziwa hapa ni jike chotara mwenye manyoya mafupi meusi, aliyefungwa uzazi, mwenye umri wa kati ya miaka minne na mitano na uzito wa kilo 18. Maelezo yote yanayoweza kumtambulisha mmiliki wake au kliniki iliyomhudumia yameondolewa. Katika miaka yake ya mwanzo alikula chakula kikavu cha dukani, na manyoya yake hayakuwahi kumpa mtu shaka. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuletwa kliniki aliharisha vibaya baada ya kula mabaki ya nyama yenye mafuta mengi. Mmiliki, ambaye ni mtu makini na msomaji, aliamua kuanzia siku hizo kumpikia mwenyewe.

Chakula alichokibuni kingemridhisha yeyote anayekitazama: wali wa mchele usiokobolewa, dengu zilizochemshwa hadi zikalainika, na kiasi kidogo cha nyama ya ng'ombe iliyoondolewa mafuta yote yanayoonekana. Nyama ilichemshwa, mchuzi ukaachwa upoe, kisha utando mweupe wa mafuta ulioganda juu ukaenguliwa na kutupwa. Juu ya yote aliweka kila siku vijiko viwili vya mezani vya unga wa mifupa, kwa kuwa alikuwa amesoma, na kwa usahihi kabisa, kwamba nyama na nafaka peke yake hazimpi mbwa kalsiamu ya kutosha.

Baada ya miezi mitano au sita mng'ao wa manyoya ulianza kupotea. Ikafuata mba nyeupe mgongoni, hasa karibu na mkia. Weusi wa ubavuni na nyuma ya mapaja ukageuka kahawia yenye wekundu kama kutu, ngozi ya viwiko ikawa nene na kupasuka, na magamba madogo yakajitokeza kando ya midomo na kuzunguka jicho moja. Mbwa mwenyewe alikuwa mchangamfu, alikula vizuri na hakujikuna kupita kawaida.

Mmiliki hakukaa bure. Aliongeza kijiko cha mezani cha mafuta ya nazi kwenye chakula na mengine akampaka mgongoni, kisha vidonge vya mafuta ya samaki, na mwishowe vidonge vya biotini, vitamini mojawapo ya kundi B. Kwa takriban miezi mitatu hakuna kilichobadilika, isipokuwa mng'ao wa siku moja kila alipopakwa. Daktari wa mifugo alipofuta mgongo kwa karatasi laini nyeupe, karatasi ilibaki na doa la mafuta huku unywele uliofutwa ukirudia ukavu wake. Jaribio hili dogo halina gharama, na linafaa kufanywa kabla ya mtu kusifu kirutubisho chochote.

Kuondoa sababu nyingine kwanza

Manyoya mabaya ni dalili ya mambo mengi, na chakula si la kwanza katika orodha. Daktari alianza na vimelea. Kitana chenye meno yaliyobanana kilitoa chembe chache nyeusi ambazo, zilipowekwa kwenye karatasi nyeupe yenye maji, ziliacha michirizi myekundu, kwani kinyesi cha viroboto ni damu iliyosagwa tumboni. Ngozi ilikwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini, na utitiri wa ukurutu haukuonekana. Kipimo cha fangasi kilikuwa hasi, na kiwango cha homoni ya tezi dundumio kilikuwa cha kawaida.

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ulifanyika hapa. Ingekuwa rahisi kutibu viroboto na kubadilisha chakula siku hiyo hiyo, lakini manyoya yangepona bila mtu yeyote kujua kilichoyaponya. Iliamuliwa viroboto watibiwe kwanza, bakuli liachwe lilivyo, na mbwa aangaliwe tena baada ya wiki nne. Kwa mbwa aliyekuwa hana maumivu wala kidonda, kusubiri huko hakukumdhuru. Wiki nne zilipokwisha, viroboto hawakuwapo. Mba, wekundu na magamba vilikuwa pale pale.

Mzio wa chakula ulifikiriwa na kuwekwa pembeni, kwa kuwa mbwa mwenye mzio kwa kawaida hujikuna, hulamba nyayo au huugua masikio mara kwa mara. Zinki, madini ambayo ngozi huyahitaji, nayo haikupimwa katika damu. Kipimo hicho huvurugwa na msongo, uvimbe na hata kizibo cha mpira cha chupa ya damu, kwa hiyo jibu lake lingeweza kupotosha zaidi kuliko kusaidia.

Hesabu ya bakuli

Mmiliki aliombwa apime kwa mizani kila kilichoingia mdomoni mwa mbwa kwa wiki nzima, pamoja na vitafunio. Wastani wa siku ulikuwa gramu 400 za wali, gramu 150 za dengu zilizopikwa, gramu 60 za nyama iliyopikwa na kijiko cha mafuta ya nazi, jumla ya kilokalori 900 hivi. Kwa mbwa wa ukubwa huo nishati ilitosha. Protini nayo ilitosha kwa hesabu ya gramu, ingawa nyama ilikuwa chache na dengu zina upungufu wa amino asidi zenye salfa, ambazo unywele unazihitaji mno. Sioni sababu ya kuiweka protini mbele katika kisa hiki.

Tatizo lilijitokeza penginepo. Mapendekezo ya Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2006 yanataka mbwa mzima apate, kwa kila kilokalori 1,000, gramu 2.8 za asidi linoleiki, miligramu 15 za zinki na gramu 1 ya kalsiamu. Bakuli hili, kwa makadirio ya jedwali za vyakula, lilikuwa na asidi linoleiki karibu theluthi mbili ya kiwango hicho, zinki kidogo zaidi ya nusu yake, na kalsiamu takriban mara tano yake.

Asidi linoleiki ni mafuta ya kundi la omega-6 ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuyatengeneza. Hukaa katika tabaka la juu la ngozi na kuzuia maji yasipotee. Ikipungua, ngozi hukauka, hutoa mba, na unywele hupoteza mng'ao. Mafuta ya nazi, kwa wingi wake wote, yana asidi linoleiki karibu asilimia 2 tu, kwa hiyo kijiko kile kiliongeza kilokalori 120 na karibu hakuna kingine. Mafuta ya samaki yana omega-3, ambayo hutuliza uvimbe lakini haichukui nafasi ya asidi linoleiki. Tena, kadiri mafuta ya namna hiyo yanavyoongezeka ndivyo mwili unavyohitaji vitamini E zaidi, na katika bakuli hili vitamini E ilikuwa haba. Biotini haikuhitajika kabisa, kwa sababu upungufu wake kwa mbwa hutokana zaidi na kulishwa ute mbichi wa mayai kwa wingi, na mbwa huyu hakula mayai.

Zinki ilikuwa na kizuizi maradufu. Pamoja na kuwa chache, ilikuwa imezungukwa na fitati, kemikali za asili za mchele usiokobolewa na dengu, ambazo huishika tumboni isifyonzwe, na kalsiamu iliyozidi huukaza mshiko huo. Magamba ya midomoni na machoni, pamoja na unene wa ngozi kwenye viwiko, ni mahali ambapo upungufu wa zinki hupenda kujionyesha.

Uamuzi wa lishe

Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuacha bakuli lilivyo na kuongeza zinki na mafuta ya mimea. Ilikataliwa, kwa kuwa kalsiamu ingeendelea kuizuia zinki, na zinki ikipandishwa sana ili kuushinda mzuio huo huanza nayo kuzuia shaba. Shaba inahitajika na kimeng'enya kinachogeuza tairosini, amino asidi mojawapo, kuwa melanini, yaani rangi nyeusi yenyewe ambayo mbwa huyu alikuwa akiipoteza. Njia ya pili ilikuwa kuandikiwa mapishi mapya ya nyumbani na mtaalamu wa lishe ya wanyama. Ilionekana nzuri, ila ingedai mizani, kirutubisho maalumu na nidhamu tangu siku ya kwanza.

Ilichaguliwa njia ya tatu: kwa miezi mitatu mbwa ale chakula kikavu ambacho lebo yake inathibitisha kuwa ni kamili kwa mbwa wazima kwa viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha maofisa wanaosimamia chakula cha wanyama, na virutubisho vyote vya ziada visimamishwe. Mabadiliko yalifanywa polepole kwa siku kumi kwa kuchanganya chakula kipya na cha zamani, hasa kwa sababu ya historia ya kuharisha. Mmiliki aliendelea kumwogesha kila wiki kwa shampuu ya watu. Daktari hakuipenda tabia hiyo, lakini aliiacha iendelee kwa makusudi hadi wiki ya nane ili isichanganye majibu.

Udhaifu wa uamuzi huu ulijulikana tangu mwanzo. Chakula kamili hurekebisha kila kitu kwa pamoja, na mbwa akipona huwezi kusema kwa uhakika kama ni zinki, ni mafuta, ni vitamini E au ni vyote. Kwa mtafiti huo ni upungufu mkubwa; kwa mbwa mmoja mwenye mba sidhani kuna haja ya kuuonea soni.

Yaliyotokea

Wiki ya tatu mba ilikuwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana, na hilo lililingana na matarajio, kwa sababu tabaka la juu la ngozi ya mbwa hujibadilisha kwa takriban siku 21 hadi 22. Mmiliki alitaka kujua kwa nini wekundu haujaondoka. Alielezwa kwamba unywele uliokwisha kutoka ni kitu kisicho na uhai. Chakula hakiwezi kuufikia, na rangi mpya itaonekana tu kwenye unywele mpya.

Wiki ya tano jambo lisilotarajiwa lilijitokeza. Mgongo ulikuwa laini na mba ilikuwa karibu kwisha, lakini magamba ya midomoni na ya jichoni hayakuwa yamesogea. Daktari alirudia maswali yote ya chakula na kupata majibu yale yale. Ilikuwa ni katika kuulizwa chakula kinahifadhiwa wapi, na kuna nini kingine kwenye rafu hiyo, ndipo mmiliki alipotaja mkebe wa unga wa mifupa, ambao wakati huo ulikuwa umebaki robo. Alikuwa akinyunyizia vijiko vyake viwili juu ya chakula kikavu kila asubuhi, kwa kuwa kwake unga huo ulikuwa sehemu ya chakula, wala hakuuhesabu miongoni mwa virutubisho alivyoambiwa aache. Chakula kikavu kilikuwa tayari na kalsiamu ya kutosha. Kwa vijiko vile jumla ilivuka asilimia 2.5 ya chakula kisicho na maji, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na AAFCO.

Unga ulisimamishwa, na hakuna kingine kilichobadilishwa. Wiki ya nane magamba ya midomoni yalikuwa yameanguka na la jichoni limebaki alama nyembamba.

Wiki hiyo hiyo mizani ilionyesha kilo 19.3. Mmiliki alikuwa akipima chakula kikavu kwa kikombe alichokuwa akipimia wali. Kikombe hicho kilipojazwa mara mbili na kupimwa kwa mizani, kilitoa gramu 310 badala ya 250 zilizoagizwa, yaani zaidi ya kilokalori 200 za ziada kila siku. Kikombe kiliondolewa jikoni na nafasi yake ikachukuliwa na mizani ndogo. Shampuu nayo ilibadilishwa ikawa ya mbwa, na kuoga kukapunguzwa hadi mara moja kwa mwezi, bila tofauti kubwa kuonekana baada ya hapo.

Mwezi wa nne manyoya ya ubavuni yalipotenganishwa kwa vidole, kila unywele ulikuwa na rangi mbili: ncha ya kahawia yenye wekundu, na karibu na ngozi sehemu nyeusi iliyokolea, yenye mpaka ulio wazi baina yake. Kufikia mwezi wa sita, baada ya kupukutisha manyoya ya zamani, mbwa alikuwa mweusi karibu kote na uzito wake ulikuwa kilo 18.2. Viwiko vililainika lakini havikurudi kama zamani. Hilo halishangazi kwa mbwa anayependa kulala kwenye sakafu ngumu, na sehemu ya unene huo pengine haikuwahi kuhusiana na chakula.

Uchambuzi

Kilichonivutia zaidi katika kisa hiki ni kwamba kila badiliko lililomdhuru mbwa lilikuwa na sababu nzuri likitazamwa peke yake. Mafuta yaliondolewa kwa sababu mafuta yalikuwa yamemharisha. Mchele usiokobolewa na dengu vilichaguliwa kwa sifa zinazovifaa binadamu. Unga wa mifupa uliongezwa kwa sababu chakula cha nyumbani kisicho na chanzo cha kalsiamu ni hatari kweli kweli. Hakuna aliyewahi kukaa na kuyajumlisha. Na manyoya yalipoharibika, mkono ukaendelea kuongeza: nazi, samaki, biotini, huku tiba iliyofanya kazi ikiwa kwa sehemu kubwa ni kuondoa.

Mmiliki huyu hayuko peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha tathmini ya mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, baadhi yake yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo, na asilimia 95 ya mapishi hayo yalipungukiwa na angalau kirutubishi kimoja cha lazima. Zinki ilikuwa miongoni mwa vilivyokosekana mara nyingi.

Kutenganisha tiba ya viroboto na mabadiliko ya chakula kulilipa. Bila wiki zile nne mtu angeweza kudai kwamba mba ilisababishwa na viroboto, na asingepatikana wa kumjibu. Kosa la unga wa mifupa nalo, bila mtu kulikusudia, lilifanya kazi ya jaribio: mafuta yalirekebishwa tangu siku ya kwanza na mgongo ukaitikia, ilhali kalsiamu iliendelea kuzidi na magamba yakabaki mpaka ilipopunguzwa. Ni ushahidi wa mbwa mmoja, na magamba yangeweza kuwa yanachelewa tu kwa asili yake, lakini mfuatano huo unakubaliana na yanayojulikana kuhusu zinki kiasi kwamba ni vigumu kuupuuza.

Lililoshindwa ni mawasiliano. Maagizo yalisema “virutubisho vyote visimamishwe”, na neno hilo halikuwa na maana moja kwa daktari na kwa mmiliki. Orodha ya vitu vilivyotajwa kwa majina, au picha ya rafu ya jikoni iliyoombwa mapema, ingeokoa wiki tano. Vivyo hivyo kwa uzito: agizo la gramu lilitolewa katika nyumba isiyokuwa na desturi ya kupima gramu baada ya ile wiki ya uchunguzi, na hakuna aliyeuliza ni chombo gani kingetumika. Mbwa aliyepona manyoya akanenepa amebadilishiwa tatizo, na unene una madhara makubwa kuliko mba.

Mafuta ya samaki hayakurudishwa. Kipimo alichokuwa akipewa, takriban miligramu 1,800 za EPA na DHA, aina mbili za omega-3, kwa siku, kilikuwa chini ya kikomo cha usalama, ambacho kwa mbwa wa kilo 18 ni miligramu 3,200 hivi, kwa hiyo halikuwa suala la sumu. Hapakuwa na uvimbe wala mwasho wa kutulizwa, basi hayakuwa na kazi. Kwa mbwa mwenye mzio wa ngozi uamuzi ungeweza kuwa tofauti.

Baada ya mwezi wa sita mmiliki aliomba kurudia kupika, na hakukuwa na sababu ya kumkatalia. Mtaalamu wa lishe alimwandikia mapishi yatakayochukua nusu ya kalori za siku: nyama zaidi, isiyoenguliwa mafuta yote, mchele mweupe badala ya usiokobolewa, mchanganyiko kamili wa madini na vitamini uliotengenezwa kwa ajili ya mapishi hayo, na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Chupa ya kwanza aliyoinunua ilibidi irudishwe. Kwa maandishi madogo ilikuwa imeandikwa kwamba ni alizeti yenye asidi oleiki nyingi, aina nyingine ya mafuta, ambayo asidi linoleiki yake huwa chini ya asilimia 10, wakati alizeti ya kawaida ina takriban asilimia 60. Kwa macho mafuta hayo mawili hayatofautiani.

Kisa hiki kina mipaka yake. Mbwa wa aina ya Siberian Husky na Alaskan Malamute wanaweza kupata magamba kama haya haya wakiwa wanakula chakula kilichokamilika, kwa sababu baadhi yao huzaliwa na hitilafu ya kufyonza zinki na huhitaji kupewa zinki kwa kipimo cha daktari, mara nyingi kwa maisha yao yote. Kwao kurekebisha bakuli peke yake hakutoshi, na kipande cha ngozi kinapaswa kuchukuliwa na kuchunguzwa maabara kabla ya miezi kupotea katika kubadilisha chakula.